Nauli ya Anayejitolea

Kijana alikuwa ameinama kando ya barabara anaokota chupa. Wakimbiaji wa mwisho wa kilomita 21 walikuwa wameshapita, jua limeanza kuchoma, na sisi wa kituo cha maji tulikuwa tunakunja meza. Kuokota chupa ilikuwa kazi yetu sote, maana tuliagizwa tuiache barabara safi kama tulivyoikuta. Lakini yeye alikuwa anachagua. Zilizochanika alizitupa kwenye mfuko mweusi wa taka. Zilizo nzima alizimwaga maji yaliyobaki, akazikanyaga kwa kisigino zikalala bapa, akazitia kwenye kiroba cha unga cha kilo 25 alichokuja nacho kimekunjwa mfukoni. Msimamizi wetu, binti mwenye redio ya upepo kiunoni, akamwona. Akamwambia mbele yetu kwamba mtu aliyekuja kujitolea hauzi taka za mbio, na kama alikuwa anatafuta pesa angesema tangu mwanzo.

Niseme ukweli. Wakati ule moyoni nilikuwa upande wa yule binti. Niliona kijana ameniaibisha, kwa sababu mimi ndiye niliyemleta.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia. Nimefundisha sekondari miaka 31, nakaa Mbagala, na mume wangu ameshatangulia mbele ya haki. Mwaka 1994 tulimzika mtoto wetu wa tatu. Alizaliwa na tundu kwenye moyo, na siku zile mtoto wa namna hiyo alihitaji kupelekwa nje ya nchi kupasuliwa. Sisi hatukuwa na pa kuanzia. Leo watoto kama yeye wanapasuliwa hapa hapa Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015, na kila nikipita pale namkumbuka. Basi niliposikia kuna mbio za hisani za kuchangia matibabu ya watoto wa moyo, sikuwa na magoti ya kukimbia wala ada ya kujisajili. Nikasema nitagawa maji. Mwaka uliofuata nikaenda kwenye mbio nyingine, kisha nyingine, na nikaanza kuwachukua vijana wa kwaya ya parokia yetu. Huyu wa chupa anaimba besi. Siku za kazi ni deiwaka, anabeba mizigo Kariakoo.

Mbio hizo sitazitaja jina, maana ninalolisema linazihusu mbio nyingi.

Tuliambiwa turipoti saa 9 usiku. Wakimbiaji wanaondoka saa 12 asubuhi, barabara zinafungwa mapema, kwa hiyo meza na maji lazima viwe vimeshafika. Kwa mpangaji wa mbio hesabu hiyo ni sahihi kabisa. Ila saa 9 usiku Mbagala hakuna daladala. Bodaboda niliyemuuliza alitaka shilingi 10,000 kunifikisha Oysterbay. Mimi nina mpwa wangu Mwananyamala, nikalala kwake, nikaamshwa na chai, akanipeleka kwa gari lake. Wafanyakazi wa kampuni iliyodhamini walikuja na basi lao, wamevaa fulana mpya, na mmoja wao aliniambia kwa furaha kwamba bosi wao amewapa Jumatatu yote wapumzike. Kijana wangu hana mpwa Mwananyamala wala hana bosi wa kumpa Jumatatu. Jumamosi jioni alipomaliza kazi Kariakoo hakurudi nyumbani. Alilala kwenye baraza la duka analolibebea mizigo, na usiku wa manane akaanza kutembea kwa miguu kuja ufukweni.

Haya yote niliyajua tukiwa kituoni tunasubiri gari la kurudi. Nilikuwa nimemnunia.

“Mwalimu, umekasirika?”

“Nimeona aibu, mwanangu. Nilimwambia yule dada nyie ni watoto wa kanisani.”

Akakitazama kiroba chake. “Hizi ni kama kilo tatu. Ni nauli ya kurudi na chapati mbili. Chakula walisema ni cha wakimbiaji na wageni.”

Nikakaa kimya. Mimi nilikuwa na kopo la ndizi na maandazi niliyofungiwa na mke wa mpwa wangu, nimeshakula zamani, na wala sikuwa nimegeuka kumwangalia yeye amekula nini. Toka saa 9 usiku hadi saa 5 asubuhi alikuwa amesimama anawanywesha watu maji.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali moja, na nimeliuliza kanisani, na nimelipeleka hata kwa jirani yangu sheikh. Je, sadaka ya kijana yule iliharibika kwa kuuza zile chupa? Na kama iliharibika, yangu mimi niliyelala kitandani na kunywa chai ilibaki nzima kwa sababu gani?

Darasani nilikuwa naona haya kuingilia somo la wenzangu wa Kiswahili, lakini hapa nitaingilia. Neno letu ni kujitolea, na ile “ji” iliyomo katikati ndiyo roho yake. Anayejitolea ndiye anayetoa, na ndiye huyo huyo kinachotolewa. Mtu mwingine akiikalia nafasi ya mtoaji, hapo tumeshaingia kwenye kutolewa, hata kama jasho ni lile lile na fulana ni ile ile.

Tofauti hiyo niliiona nikiwa mtoto. Nimezaliwa milimani Upare, wilaya ya Same. Kwetu kuna ndiva, mabwawa ya kienyeji ya kukinga maji ya vijito, yakijaa yanafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Ndiva hujaa tope, na kuzibuliwa kwake ni msaragambo. Jioni mjumbe anapita, asubuhi kila kaya inatoa mtu na jembe lake. Wanaume na vijana wanaingia kwenye tope hadi magotini, wanawake wanabandika makande kwenye vyungu vikubwa kando ya mfereji. Nakumbuka mwaka mmoja mzee mmoja mwenye duka hakuja, akamtuma kijana aliyekuwa anamchungia ng'ombe. Kijana alichimba kuliko wote. Saa ya kuhesabu kaya zilizofika, msimamizi akataja jina la mwenye duka na kusema yupo. Bibi yangu, aliyekuwa anapakua makande, akasema bila kuinua kichwa, “Kijana namwona. Mwenye duka simwoni.” Watu wakanyamaza. Sikumbuki kama mwenye duka alitozwa faini, lakini maneno ya bibi yalisemwa kijijini miaka mingi.

Na kuna jambo la pili katika kumbukumbu ile, nimelielewa uzeeni. Makande yalikuwa ya wote. Hakuna aliyeuliza nani ana njaa na nani ameshiba kwake; mwenye mashamba matatu na asiye na hata moja walichovya chungu kimoja, wakarudi kwenye tope. Na katika wote wale hakuna hata mmoja aliyeambiwa kwamba kwa kula makande amelipwa ujira, kwa hiyo msaragambo wake umebatilika. Kijiji kilijua kwamba mtu hawezi kuchimba na njaa, na kwamba aliyeita watu ndiye anayewajibika kuwalisha. Mambo hayo hayakuhitaji mjadala.

Sasa mjini tumekuwa na mjadala. Nao si wa leo, na haukuanzia kwetu. Historia ya michezo haikuwa kwenye mtaala wangu, ila niliisoma kwa kuipenda, na niliwahi kuwasimulia kidato cha nne kisa cha raga. Tarehe 29 Agosti 1895, kwenye hoteli iitwayo George katika mji wa Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, klabu za raga zilijitenga na chama chao. Wachezaji wengi wa huko kaskazini walikuwa wachimba makaa na watu wa viwandani. Jumamosi ilikuwa siku ya kazi, na aliyeondoka kwenda kucheza alikatwa ujira. Klabu ziliomba ruhusa ya kuwafidia wachezaji ujira waliopoteza. Wakuu wa chama, watu waliosoma kwenye shule za watoto wa mabwana, walikataa, wakisema mchezo ni wa mapenzi na mwenye mapenzi hadai pesa. Waliojitenga wakaruhusu fidia isiyozidi shilingi 6 kwa siku. Raga ikagawanyika michezo miwili, na imegawanyika hadi leo.

Wale wakuu hawakuwa waongo. Nadhani waliamini walichokisema. Waliupenda mchezo kweli, walicheza bila kulipwa kweli, na hawakuona kwamba mapenzi yao yalikuwa yamelipiwa tangu mapema na mashamba ya baba zao. Mtu ambaye hajawahi kukatwa ujira anaamini Jumamosi ni ya bure.

Henley, kwenye mashindano ya makasia katika mto Thames, mambo yaliandikwa wazi zaidi. Kanuni yao ya mwaka 1879 ilimwondoa kwenye kundi la wapiga makasia wa ridhaa mtu yeyote aliyekuwa fundi au kibarua kwa kazi yake, hata kama hajawahi kupokea senti moja kwa kupiga kasia. Mwaka 1920 Mmarekani John B. Kelly wa Philadelphia alikataliwa kushiriki, na sababu mojawapo ni kwamba aliwahi kufanya kazi ya kujenga kwa matofali. Mwaka huo huo akaenda Olimpiki ya Antwerp na kurudi na medali mbili za dhahabu. Mwanawe alikuja kulishinda shindano lile lile la Henley mwaka 1947.

Sisi kwa Kiswahili mchezaji asiyelipwa tunamwita wa ridhaa. Ngumi za ridhaa, klabu ya ridhaa. Naona tumepewa neno zuri kuliko walilonalo Waingereza, kwa sababu ridhaa ni ukubali wa moyo. Linakuuliza moja kwa moja: huyu ameridhia? Na je, angeweza kukataa?

Kwa kijana wangu jibu la swali hilo si jepesi. Nilimuuliza baadaye kwa nini alikuja. Alisema mambo mawili kwa pamoja, bila kuyatenganisha. Alikuja kwa sababu ya wale watoto. Mdogo wake aliwahi kulazwa. Na alikuja kwa sababu alisikia kwamba wanaojitolea hupewa cheti, na cheti kikiwa na nembo ya kampuni kubwa kinaweza kumsaidia kupata kazi ya kudumu. Vijana wa siku hizi neno kujitolea wanalijua hivyo. Wahitimu wanajitolea kufundisha, wanajitolea zahanati, wanajitolea kwenye maofisi mwaka na miaka wakisubiri ajira, na wakiacha nafasi yao inachukuliwa na anayefuata kwenye foleni. Sithubutu kusema “ji” yao haipo. Lakini ni “ji” iliyobanwa ukutani, na anayeipokea huduma yao anapaswa kuona haya kidogo anapoisifu kuwa ni moyo wa uzalendo.

Nikampelekea sheikh swali langu la chupa. Tumekaa naye ukuta mmoja miaka kumi na tisa, na ingawa mimi ni Mkatoliki, mambo ya nia namuuliza yeye kwanza, kwa sababu wenzetu wamelifikiri sana jambo hilo. Alikuwa anamwagilia mchicha wake.

“Sheikh, mtu akienda kwenye kazi ya Mungu, njiani akauza kitu, kazi yake imeharibika?”

“Mwalimu, wewe unamuulizia nani?”

Nikamsimulia. Akaweka kopo chini. Akaniambia kwamba zamani Waislamu wa mwanzo walikuwa na wasiwasi huo huo kuhusu hija: walikuwa wanaona vibaya kufanya biashara katika siku za hija, wakidhani itaitia doa ibada yao. Kurani ikawajibu kwamba si dhambi kwao kutafuta riziki ya Mola wao. Hujaji anaweza kuuza na kununua, mradi kilichomtoa kwake ni hija. Kisha akaongeza jambo nisilolijua: kwamba wanaotumwa kukusanya zaka wametajwa kwenye Kurani miongoni mwa wanaopewa katika hiyo hiyo zaka. “Mungu anajua mtumishi wake ana tumbo,” akasema. “Wewe ulitaka kijana awe malaika?”

Nilirudi ndani nikafungua barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorintho, sura ya tisa. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi bila kuiona. Paulo alihubiri Korintho bila kuchukua chochote kwao. Alishona mahema akajilisha. Watu wengi huishia hapo, wanasema mnaona, mtumishi wa kweli hachukui. Lakini kabla ya kusema kwamba hakuchukua, Paulo anatumia nusu ya sura kuthibitisha kwamba anayo haki ya kuchukua. Anataja askari, anataja mwenye shamba la mizabibu, anataja mchungaji na maziwa ya kundi lake, anataja hata ng'ombe anayepura nafaka. Anaisimamisha haki kwanza, imara, kila mtu aione. Ndipo anaiacha kwa hiari yake.

Hapo ndipo nilipopata nilichokuwa nakitafuta. Mtu hawezi kuiacha haki ambayo hakupewa. Paulo asingekuwa na haki ya kula kwa Wakorintho, kushona kwake mahema kungekuwa tu ni kutafuta chakula, kama mshona mahema mwingine yeyote. Utoaji wake ulikuwa utoaji kwa sababu chakula kilikuwa mezani na yeye akasogeza sahani. Tunapomwambia kijana wa Mbagala aje bila nauli na bila chakula, tunadhani tunailinda sadaka yake isitiwe doa na pesa. Kumbe tunamnyima nafasi ya kuitoa. Akija, anakuja kwa kubanwa au kwa kukopa. Asipokuja, tunasema vijana wa uswahilini hawana moyo wa kujitolea. Maneno hayo nimeyasikia kwa masikio yangu kwenye kikao cha tathmini, na walioyasema walikuwa watu wema.

Wagiriki wa kale waliligeuza jambo hili upande mwingine. Athens, gharama za sikukuu na michezo zilibebwa na matajiri kwa zamu. Tajiri alipangiwa kuwagharimia wakimbiaji wa mbio za mwenge wa kabila lake, au kwaya ya tamthilia, au hata meli ya kivita, na huduma hiyo kwa watu wote iliitwa leitourgia. Ndilo neno hilo hilo tulilolichukua kanisani, tukaita Liturujia. Na aliyepangiwa akiona yupo mwenzake tajiri kuliko yeye aliyerukwa, sheria ilimruhusu kumwambia: beba wewe, au tubadilishane mali. Sisemi Athens ilikuwa mji wa haki. Ilikuwa na watumwa wengi, na wanawake kama mimi hawakuwa na sauti. Nasema tu kwamba kwao sherehe ya wote haikuwa inasimama juu ya mgongo wa asiye na kitu. Ilikuwa inasimama juu ya mwenye nacho, na yeye ndiye aliyepata sifa.

Kisa cha mjane na senti zake mbili nimehubiriwa mara nyingi, na kwa vile mimi ni mjane, watu hunigeukia kinaposomwa. Mapadre wanamsifu yule mama kwa sababu Yesu alipima kwa kile kilichobaki mkononi, na kwake hakikubaki kitu. Ni kweli. Lakini fungueni Injili ya Marko sura ya 12 msome mstari unaotangulia kisa hicho. Yesu alikuwa ametoka tu kuwaonya watu juu ya walimu wa sheria wanaokula nyumba za wajane, na ndipo mjane anatokea na senti zake. Siwezi tena kukisoma kisa kile kama pongezi tupu. Yesu alimsifu mama, na papo hapo aliiona sinia iliyompokea. Mwenye sinia asichukue sifa ya mama akajivika yeye.

Wanaoandaa mbio wana hoja yao, nami naiheshimu. Wanasema ukianza kutoa nauli, kesho watu watakuja kwa ajili ya nauli. Nchi hii tumeharibiwa na posho. Nimekaa kwenye semina ambazo watu walisaini mahudhurio asubuhi, wakarudi saa ya bahasha. Wanasema pia kwamba kila shilingi inayokwenda kwa mgawa maji imetolewa kwa mtoto mgonjwa. Hii ya pili ndiyo inayonichoma, kwa sababu mtoto yule naweza kumwona.

Lakini niliketi na karatasi nikaandika vilivyokuwepo siku ile: hema la wageni wenye viti vya kitambaa cheupe, jukwaa, muziki, fulana za rangi nne, medali kwa kila aliyemaliza, mpiga picha wa angani. Vyote hivyo vilikuwa vimepata fungu kabla ya hesabu ya mtoto kufanyika. Walioambiwa wamhurumie mtoto kwa kukaa na njaa walikuwa wagawa maji peke yao. Na hiyo posho ya semina inaharibu kwa sababu inamlipa mtu ambaye hakufanya kazi. Shilingi elfu chache za daladala na sahani ya wali maharage kwa mtu aliyesimama kwa saa nane hazijawahi kumharibu mtu. Bibi yangu angecheka kusikia makande yanaitwa posho.

Kwingine wameshalikubali hilo, angalau kwa sehemu. London mwaka 2012 watu zaidi ya 240,000 waliomba kujitolea kwenye Olimpiki, wakachukuliwa 70,000. Walipewa sare, chakula cha zamu na usafiri wa ndani ya jiji, ingawa malazi kila mtu alijitafutia, na aliyetoka mbali bila ndugu London alijua mwenyewe. Tokyo waliwapa yeni 1,000 kwa siku kwa ajili ya usafiri. Nani atasema watu wale hawakujitolea?

Liko jambo jingine, nalo nalisema kwa uchungu kwa sababu vijana wangu walilinyamazia. Siku ya kugawana kazi, waliosoma shule za Kiingereza waliitwa kando. Wakapewa beji za kamba shingoni, wakapangwa kwenye hema la wageni, kwenye meza ya waandishi wa habari na kwenye kuvisha medali. Wa shule za kata wakapelekwa kwenye maji, kwenye taka na kwenye kuzuia bodaboda. Najua wageni wengine hawajui Kiswahili. Lakini kumvisha mtu medali hakuhitaji Kiingereza. Kunahitaji mikono miwili na tabasamu. Binti mmoja wa kwaya yetu aliniambia alitamani kumvisha mtu mmoja tu. Kama tabaka linaonekana hata mahali ambapo hakuna anayelipwa, basi tujue tumelibeba wenyewe hadi pale. Halikuletwa na mshahara.

Agosti 2025 tuliandaa mashindano ya soka ya CHAN pamoja na Kenya na Uganda, na niliwaona vijana wa kujitolea kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa wakiwaelekeza watu kwenye mageti. Zinakuja Fainali za Mataifa ya Afrika, AFCON ya 2027, ambazo nchi hizi tatu zilikabidhiwa mwezi Septemba 2023. Watahitajika vijana wengi kuliko wale, Dar es Salaam, Arusha, Zanzibar, Nairobi, Kampala. Nawaomba watakaoandika fomu za kujitolea, na wale wa mbio za kila mwisho wa wiki, waniazime masikio. Nauli na chakula viandikwe kwenye fomu kwa kila mtu, mwenye gari na asiye na kiatu. Msiulize nani anahitaji anyooshe mkono. Hakuna kijana wa Mbagala atakayenyoosha mkono mbele ya mtoto wa Masaki. Wekeni chungu katikati. Mimi nitaiacha nauli yangu, na mfanyakazi wa benki ataiacha yake, na huyo kijana akiamua kuiacha na yeye, basi siku hiyo ametoa kweli, na hakuna atakayemfikia. Saa ya kuripoti ifuate daladala ya kwanza, au gari liwafuate watu Rangi Tatu na Gongo la Mboto. Kazi za kuvisha medali zipigiwe kura.

Yule binti mwenye redio nilimtafuta, tukaongea. Aliniambia naye alikuwa anajitolea, na alikuwa hajalala siku mbili. Tulikubaliana kwamba mbio zijazo chupa ziwe za wale walioziokota.

Kijana bado anaimba besi. Jumapili iliyopita baada ya misa alinisalimia, shikamoo Mwalimu, kisha akaniuliza kama fomu za mwaka huu zimetoka. Nikamjibu bado.

“Zikitoka niandike,” akasema. “Nauli nitaanza kuweka sasa.”